Kurudi Darasani Ukiwa Mtu Mzima: Tusiende Mmoja Mmoja



Katika mikutano ya matawi siku hizi liko swali moja linalorudi kila mara, ingawa haliandikwi katika ajenda. Mkutano ukiisha na viti vikiwa vinapangwa, mwanachama wa miaka arobaini na kitu humvuta katibu kando na kumwuliza: "Je, nirudi shule?" Huuliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeulizia deni. Sisi tunaozunguka matawini kwa kazi ya chama tumeulizwa hivyo Jinja, tumeulizwa Tororo, na tumeulizwa na akina mama wa mashamba ya maua kando ya ziwa. Kwa kuwa wanaouliza ni wengi, haifai kuwajibu kando kando. Tutajibu hapa, mbele ya wote.

Swali hili limekuwa zito zaidi tangu mwaka 1922 wa baba zetu upite na mwaka 2022 wetu ufike. Mwaka 1922 ndipo Makerere ilipofunguliwa, nasi tutaurudia baadaye. Mwaka 2022 sheria ya Mfuko wa Akiba ya Wafanyakazi, yaani NSSF, ilirekebishwa. Kila mwezi mfanyakazi hukatwa asilimia 5 ya mshahara wake na mwajiri huongeza asilimia 10. Zamani fedha hizo zilingoja uzee. Kwa marekebisho ya 2022, mwanachama aliyefika umri wa miaka 45 na aliyechangia kwa miaka 10 au zaidi anaruhusiwa kuchukua hadi asilimia 20 ya akiba yake kabla ya kustaafu. Kwa hiyo mfanyakazi wa kawaida amejikuta na fedha za mkupuo mikononi akiwa bado ana nguvu za kazi. Wengine wameezeka nyumba, wengine wamenunua kiwanja, wengine wamelipia watoto karo. Na wengine wanatazama matangazo ya vyuo yaliyobandikwa kwenye nguzo za umeme, "masomo ya jioni na Jumamosi, njooni wote", wakajiuliza kama zamu yao ya kusoma imefika.

Jibu letu kwa ufupi ni hili. Soma. Lakini usisome kwa siri, wala usilipe karo kwa akiba ya uzee kabla maswali matatu hayajajibiwa. Na juu ya yote, masomo ya mfanyakazi ni jambo la kudaiwa mezani, katika mapatano ya pamoja na mwajiri. Lisiachiwe mfuko wa mtu mmoja mmoja.

Sasa tueleze.

WANAOSEMA UMRI UMEKWENDA

Wako ndugu wanaocheka. Husema ati mtu mwenye mvi ataketi vipi benchi moja na watoto aliowazaa, na ati kichwa kikishakomaa hakiingizi kitu. Ndugu hao tunawaheshimu, lakini historia ya nchi yetu wenyewe haiko upande wao.

Makerere, ambayo leo watu wengi huiogopa kama mlima, ilianza mwaka 1922 kama shule ya ufundi. Wanafunzi wa kwanza walikuwa 14, nao walifundishwa useremala, ujenzi na umakanika. Basi mtu wa randa na spana asijione mgeni akipita mlangoni pale, kwa maana watu wa randa na spana ndio waliotangulia. Mwaka 1953 Makerere hiyo hiyo ikafungua idara ya masomo ya nje ya chuo, kusudi mafunzo yawafikie watu wazima ambao si wanafunzi wa kawaida.

Chama cha wafanyakazi nacho kina historia yake hapa. Mwaka 1958 Chuo cha Kazi cha Afrika kilifunguliwa mjini Kampala na Shirikisho la Kimataifa la Vyama Huru vya Wafanyakazi. Viongozi wa vyama kutoka nchi mbalimbali za Afrika walikuja kujifunza namna ya kuendesha chama na namna ya kujadiliana na mwajiri. Waliokuja walikuwa watu wazima wenye kazi zao, si vijana waliotoka shule jana. Chuo hicho kilifungwa mwaka 1968, lakini wazo lake halikufungwa.

Hata Tom Mboya wa Kenya alikuwa tayari katibu mkuu wa shirikisho la wafanyakazi la nchi yake alipokwenda mwaka 1955 kusoma Chuo cha Ruskin, mjini Oxford, Uingereza, chuo kilichoanzishwa mwaka 1899 kwa ajili ya watu wa kazi. Hakuona haya kuacha meza ya katibu mkuu akakaa kwenye meza ya mwanafunzi.

Na jirani zetu wa Tanzania, chini ya Mwalimu Julius Nyerere, waliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mwaka 1973 serikali yao ikaagiza elimu ya wafanyakazi ipelekwe mahali pa kazi penyewe. Wazee walishika kalamu mbele ya wajukuu wao, na hakuna aliyekufa kwa aibu.

Kwa hiyo hoja ya umri tunaiweka kando. Mtu wa miaka 45 ana miaka 10 ya kazi mbele yake kabla ya kufika 55, umri wa kuchukua akiba yake yote. Miaka 10 si michache. Na ana kitu ambacho kijana hana, yaani anajua kwa nini anasoma.

KARATASI NA MKONO

Sasa twende kwenye uchungu wenyewe. Kwa nini mtu aliyefanya kazi miaka 20 ahangaike na cheti?

Kiko kiwanda kimoja, hatutakitaja, ambako fundi wa kuchomelea vyuma amefanya kazi zaidi ya miaka ishirini. Aliishia darasa la saba. Kila mwaka huletewa vijana waliotoka chuo, naye huwafundisha namna ya kushika moto, namna ya kusikia chuma kwa sauti, namna ya kulinda macho. Baada ya miaka miwili kijana mmojawapo hupandishwa kuwa msimamizi, na mwalimu wake hubaki pale pale, kwa daraja lile lile la mshahara. Fundi akiuliza, ofisi humjibu kwa neno moja: karatasi. Mkono wake wanautaka, lakini mshahara wanaulipa kwa karatasi.

Jambo hilo ni dhuluma, na chama hakitachoka kulipinga. Lakini wakati tunalipinga, fundi anazeeka. Tena karatasi ina kazi nyingine. Migodi ya shaba ya Kilembe ilianza uchimbaji mwaka 1956, ikajenga mji na kuleta reli hadi Kasese, kisha ikasimama mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kazi kubwa kama ile ikisimama, kila mtu huulizwa langoni pa kazi mpya: una karatasi gani? Mwajiri wa kwanza alikujua kwa kazi yako. Wa pili hakujui. Cheti ndicho kinachosema kwa niaba yako mahali ambapo hujulikani.

Na hapa liko jambo ambalo wanachama wengi hawalijui. Si lazima kila mtu aanzie darasani. Sheria ya elimu ya ufundi ya mwaka 2008 ilileta Uganda utaratibu wa kupima ujuzi wa mtu aliyejifunzia kazini, bila kumwuliza alisoma shule gani. Mtu hupewa kazi ya vitendo mbele ya watahini, akiiweza anapata cheti cha ujuzi huo. Kwa fundi wetu wa kuchomelea, kwa seremala, kwa dereva wa mitambo, kwa mshonaji, kwa mpishi, njia hiyo ni fupi kuliko diploma na gharama yake ni ndogo. Vyombo vinavyosimamia mitihani hupangwa upya mara kwa mara, kwa hiyo katibu wa tawi aulize kwanza katika kituo cha mitihani kilichoidhinishwa kabla ya kuwaambia wanachama watoe hata shilingi moja. Lakini aulize! Tumeona matawi ambako hakuna aliyewahi kuuliza.

WANAOSEMA SOMA CHOCHOTE

Upande wa pili wako ndugu wanaosema elimu ni elimu, soma chochote, cheti hakiozi. Hao nao hatukubaliani nao. Cheti hakiozi, lakini fedha ya uzee ikiisha haiotі tena. Kabla ya kulipa, mwanachama ajibu maswali matatu, tena ajibu kwa maandishi.

Swali la kwanza: masomo haya yatafungua mlango gani mahali pako pa kazi? Usiulize chuo, kwa kuwa chuo kinauza. Uliza ofisi ya utumishi. Omba uonyeshwe muundo wa madaraja ya kazi, uone kama cheti hicho kimeandikwa kuwa kinampandisha mtu daraja. Kama hakikuandikwa, basi unasoma kwa ajili ya kazi nyingine, mahali pengine, na ni lazima ujue ni wapi. Tunajua wanachama waliosoma diploma ya utawala kwa miaka miwili, wakarudi na cheti kizuri, wakakuta kiwanda kina nafasi mbili tu za utawala, na wenye nafasi hizo ni vijana wenye afya njema.

Swali la pili: chuo kinatambuliwa na nani? Sheria ya mwaka 2001 iliunda Baraza la Taifa la Elimu ya Juu ili lisimamie vyuo vikuu na taasisi nyingine za elimu ya juu. Hapa mtu awe mwangalifu, kwa maana chuo kukubaliwa ni jambo moja, na somo lenyewe kukubaliwa ni jambo la pili. Chuo chaweza kuwa na ukuta mzuri na lango la chuma, na somo unalolipia halijaidhinishwa au muda wa idhini yake umekwisha. Jengo halimpi mtu daraja. Peleka jina la chuo na jina la somo, yote mawili, ukaulize.

Swali la tatu: nani atashika nyumba wakati uko darasani? Swali hili wanaume hulipita haraka. Wanawake hawawezi kulipita, nasi tutalirudia.

HESABU YA FEDHA

Tufanye hesabu ya mfano. Tarakimu hizi tumezitunga wenyewe kusudi hesabu ieleweke, na kila mtu aweke zake.

Mwanachama ana akiba ya shilingi milioni 12. Asilimia 20 yake ni shilingi milioni 2 na laki 4. Amepata chuo cha jioni kinachotoza laki 9 kwa muhula, mihula minne. Karo yote ni milioni 3 na laki 6. Tayari amepungukiwa milioni 1 na laki 2, na hajapanda gari. Nauli ya jioni kwenda chuo na kurudi nyumbani tuseme ni shilingi 4,000. Jioni tatu kwa juma, majuma 15 kwa muhula, ni shilingi 180,000. Mihula minne ni shilingi 720,000. Jumla sasa ni milioni 4 na 320,000, naye alichukua milioni 2 na laki 4. Pengo ni milioni 1 na 920,000. Bado hatujahesabu daftari, kupiga chapa, ada ya mtihani, wala chakula cha jioni kinacholiwa njiani.

Tena kuna hasara isiyoonekana. Fedha iliyotoka katika mfuko haipati riba tena. Ungeiacha miaka 10 ingekua pamoja na zile nyingine.

Hatusemi usiichukue. Ni haki yako, iliyopatikana baada ya kelele nyingi, na hakuna mtu atakayekupangia. Tunasema usiichukue yote kwa siku moja na kuipeleka yote chuoni kwa siku moja. Wengi wanaoacha masomo huacha katika muhula wa kwanza au wa pili, wakati mwili unapogundua maana ya kulala saa tano. Basi anza na kozi fupi ya majuma machache: usalama kazini, utunzaji wa vitabu vya hesabu, kompyuta. Ilipie kwa mshahara au kwa mkopo mdogo wa sacco. Ukiimaliza ukaona kichwa kinakubali na nyumba inakubali, hapo ndipo ufikirie masomo marefu. Mtu hapimi kina cha mto kwa miguu yote miwili.

HESABU YA SAA

Juma lina saa 168. Hizo hazina mkopo wala nyongeza. Kazi ya kawaida kwa sheria ya kazi ya mwaka 2006 haizidi saa 48 kwa juma. Kwenda na kurudi, tuseme saa 2 kwa siku, siku sita, ni saa 12. Usingizi wa saa 7 kwa siku ni saa 49. Darasa la jioni tatu, saa 3 kila jioni, ni saa 9. Na anayekaa darasani saa 9 inampasa asome mwenyewe saa nyingine 9, hasa mtu aliyeshika kitabu cha Kiingereza mara ya mwisho miaka 25 iliyopita. Jumla ni saa 127. Zinabaki 41, yaani zisizofika 6 kwa siku. Ndani ya hizo ale, aoge, aone watoto, aende kanisani au msikitini, azike waliokufa, ahudhurie mkutano wa chama.

Mwanamume anaweza kuzibana akafaulu. Sasa mchukue mama wa shamba la maua. Ameamka saa kumi na moja alfajiri kuchemsha uji. Akirudi anachota maji, anapika, anafua, anaangalia daftari za watoto. Kazi hizo zikichukua saa 5 tu kwa siku ni saa 35 kwa juma. Katika zile 41, amebakiwa na 6 kwa juma zima. Kisha tunashangaa kwa nini akina mama hawajitokezi kusoma! Tunasema hawana ari. Ari wanayo, saa ndizo hawana. Mume anayetaka mke wake apate cheti asimpe baraka tu, ashike sufuria jioni tatu kwa juma. Na darasa likiisha saa tatu usiku, mama huyo anarudi kwa boda-boda katika giza. Chama kikipanga masomo kisisahau giza hilo. Darasa lililo ndani ya uwanja wa kazi, mara tu zamu inapokwisha, lina thamani kuliko chuo kizuri kilicho mjini.

JE, MSOMI ATATUKIMBIA?

Iko hofu nyingine, nayo husemwa na wanachama wazuri kabisa. Husema: tukimsomesha mwenzetu atakuwa bwana. Atahamia ofisini, atavaa tai, atatuita "nyinyi watu wa chini". Kwa hiyo chama kitakuwa kimewatengenezea wakubwa nyapara wapya kwa jasho letu.

Hofu hii si ya kipuuzi. Imetokea, na itatokea tena. Lakini tazameni upande wa pili wa meza. Tukienda kujadiliana mishahara, mwajiri huja na mwanasheria, mhasibu na mtu wa kompyuta. Hufungua kitabu cha hesabu na kusema mwaka huu kampuni imepata hasara. Sisi tunaoandika haya wengi wetu tuliishia darasa la saba. Umoja wetu tunaujua, njaa yetu tunaijua, na mgomo tunajua kuupanga kwa taratibu za sheria. Lakini kuketi na kitabu kile na kuonyesha kwa kidole kwamba hasara hii ni ya karatasi, kwamba fedha imehamishiwa kampuni dada, hapo tunahitaji mwenzetu aliyesoma hesabu na ambaye bado ni mwenzetu. Mhasibu wa kukodi hutoza kwa saa, tena hajui bei ya unga.

Dawa ya hofu hii ni kumsomesha mwenzetu kwa uwazi. Mtu aliyejilipia kila kitu kwa siri, akasoma gizani akijificha hata kwa wenzake wa zamu, akifaulu hana deni kwa mtu. Ataondoka, na kwa nini asiondoke? Lakini yule ambaye zamu yake ilibadilishwa na wenzake ili awahi darasa, ambaye tawi lilimtetea apate siku za mtihani, ambaye sacco ya wafanyakazi ilimkopesha nauli, huyo anajua cheti chake kina mikono mingi. Hata akiwa msimamizi, jina la chama halitamtoka.

TUNAYODAI

Mwaka 1974 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba namba 140 juu ya likizo ya masomo yenye malipo. Mkataba huo unasema mfanyakazi apewe muda wa kusoma ndani ya saa za kazi pamoja na malipo yanayotosha, iwe ni mafunzo ya kazi, elimu ya jumla na ya uraia, au elimu ya chama cha wafanyakazi. Kenya na Tanzania wamo katika orodha ya walioridhia. Lakini mkataba wa kimataifa usipoandikwa katika mapatano ya kiwanda haumfikii mtu wa zamu. Kwa hiyo tunayashauri matawi yote, kabla ya mazungumzo yajayo na mwajiri, yaweke mezani mambo haya.

Kwanza, siku za mtihani ziwe siku za malipo, zisikatwe katika siku 21 za likizo ya mwaka. Likizo ni ya mwili kupumzika. Mtu anayetumia likizo yake yote kufanya mitihani atarudi kazini amechoka kuliko alivyoondoka, na mtambo haumhurumii mtu aliyechoka.

Pili, mfanyakazi anayesoma awe na haki ya kubadilishana zamu na mwenzake kwa barua, wala isiwe hisani ya msimamizi wa siku hiyo.

Tatu, mwajiri achangie karo ya masomo yanayohusu kazi yake. Mashine zikibadilika yeye ndiye anayepata faida ya mtu anayezijua. Na akichangia, asimfunge mtu kwa miaka mingi ya utumishi kama fidia. Muda wa kufungwa uandikwe, uwe mfupi, na chama kiuone kabla mfanyakazi hajatia sahihi.

Nne, na hili ndilo kubwa, cheti kitambuliwe katika madaraja ya mshahara. Iandikwe wazi kwamba mwenye cheti fulani, hata kile cha ujuzi uliopatikana kazini, anapanda daraja fulani kuanzia tarehe fulani. Bila sharti hili, matatu yaliyotangulia ni kumpeleka mtu sokoni bila kikapu.

Tano, elimu ya chama yenyewe ihesabiwe kuwa elimu. Mjumbe wa tawi anayekwenda semina ya siku tatu kujifunza sheria za kazi asiandikwe mtoro.

Waajiri watasema hayo ni gharama. Ni kweli, ni gharama. Leo gharama hiyo ipo tayari, lakini inalipwa yote na mtu mmoja, kwa usingizi wake na akiba yake ya uzeeni. Sisi twadai igawanywe.

KAZI YA KUANZA SASA

Wakati tunayadai hayo, liko tunaloweza kufanya bila ruhusa ya mtu. Kila tawi lichague mtu mmoja, si lazima awe katibu, aandike majina ya wanaotaka kusoma na wanachotaka kusoma. Mkutano ujao majina hayo yasomwe kwa sauti, pamoja na ajenda nyingine. Tunajua wenye kuona haya watatazama chini. Lakini wakisikia majina yamefika saba au kumi, watainua vichwa.

Watu kumi wanaotaka somo moja wanaweza kumwita mwalimu aje kwao, badala ya kila mmoja kupanda gari kwenda mjini. Watu kumi wanaweza kwenda pamoja kuuliza kama chuo kinatambuliwa, na chuo kikawaogopa. Wanaweza kununua kitabu kimoja kimoja wakabadilishana. Mmoja akifiwa, wenzake humshikia masomo hadi arudi. Na mwajiri akiona barua ya watu kumi yenye mhuri wa tawi, atajibu, ambapo barua ya mtu mmoja angeitia kapuni.

Mwanachama uliyemwuliza katibu kando kwa sauti ya chini, jibu lako ndilo hili: ndiyo, rudi shule, lakini simama kwanza mkutanoni useme kwa sauti kwamba unataka kurudi. Huenda aliyeketi karibu nawe alikuwa anangoja mtu wa kwanza aseme.

Umoja ni nguvu, hata mbele ya ubao.